Foleni za Magic Kingdom ukiwa na mtoto wa miaka miwili

Mtoto wa miaka miwili hana habari kwamba amefika Florida. Hajui tiketi za baba na mama zimegharimu kiasi gani wala likizo iliombwa lini. Anachojua ni kwamba amesimamishwa katikati ya msitu wa miguu ya watu wazima, jua linawaka, na kila akitaka kwenda anadakwa mkono. Ndiyo maana foleni ya mtoto huyu huanza kushughulikiwa mapema: amekula nini, amekojoa lini, atalala saa ngapi, na wewe umechagua kusimama wapi. Vitu vya kuchezea vinakuja mwisho, ingawa ndivyo wazazi wengi huvifikiria kwanza na kujaza navyo begi zima.

Maelezo haya ni ya Magic Kingdom, bustani ya kwanza ya Walt Disney World karibu na Orlando, iliyofunguliwa Oktoba 1, 1971. Ndiyo yenye vyombo vingi ambavyo mtoto wa umri huu anaruhusiwa kupanda. Hapa chini neno "bembea" linatumika kwa kila kinachopandwa, kiwe mashua, treni au tembo anayeruka. Mtoto asiyetimiza miaka 3 huingia bila tiketi, bure kabisa.

Foleni ipi, na saa ngapi

Anza na urefu. Mpime mtoto nyumbani akiwa amevaa viatu atakavyokwenda navyo: mgongo ukutani, kitabu kikae bapa kichwani, weka alama, pima kwa sentimita. Mlangoni kuna fimbo ya kupimia, na wahudumu hawana mazungumzo juu ya sentimita mbili zinazopungua. The Barnstormer inataka sm 89, Seven Dwarfs Mine Train sm 97, Tiana's Bayou Adventure sm 102, Space Mountain sm 112, na TRON sm 122. Watoto wengi wa miaka miwili wana sm 80 na kitu, kwa hiyo hata Barnstormer ni kubahatisha. Ukishajua haruhusiwi, usimpitishe karibu na bembea hiyo akaiona. Zungukia njia nyingine.

Zisizo na kipimo chochote ni nyingi: Dumbo (wale tembo wanaoruka), Peter Pan's Flight, The Many Adventures of Winnie the Pooh, "it's a small world", Under the Sea, farasi wa kuzunguka, Jungle Cruise, PeopleMover. Hapo ndipo penye siku yenu.

Programu ya simu ya bustani, My Disney Experience, huonyesha dakika za kusubiri kila bembea. Dakika hizo ni za kukadiria, na hazikuambii jambo ambalo kwa mtoto lina uzito zaidi: foleni inatembea au imeganda? "it's a small world" hubeba watu wengi katika kila mashua, kwa hiyo hata ikiandikwa dakika 30 mnapiga hatua karibu muda wote. Peter Pan's Flight ina vimashua vidogo vya watu wachache, na foleni yake huganda kuanzia asubuhi. Mtoto anayetembea hajioni kwamba anasubiri. Anayesimama dakika tano palepale ataanza kuning'inia kwenye mkono wako kama nguo kwenye kamba. Kwa hiyo Peter Pan iwe ya kwanza kabisa, bustani ikifunguliwa tu, na "it's a small world" ibaki ya mchana.

Kipimo cha kufanyia kazi: mwenye mwaka mmoja na nusu, usimwingize kwenye foleni inayozidi dakika 20, wa miaka miwili, dakika 30, anayekaribia mitatu na aliyelala vizuri, 40. Ikizidi hapo, geuka. Usijidanganye kwamba "ikifika katikati atazoea". Mtoto wa umri huu akisubiri sana huchoka tu, hazoei.

Kufika mapema kunahitaji hesabu ya Magic Kingdom peke yake, maana gari huliegeshi getini. Unaliacha Transportation and Ticket Center, halafu mnavuka ziwa kwa pantoni au mnazunguka kwa treni ya reli moja. Aliyezoea pantoni ya Kigamboni ataona hii ni starehe, lakini nayo ina foleni yake, na ukaguzi wa mabegi una foleni yake. Weka saa nzima kati ya kuzima gari na kusimama mlangoni. Waliolala kwenye hoteli za Disney huruhusiwa kuingia nusu saa kabla ya wengine, na kwa mwenye mtoto mdogo nusu saa hiyo ina thamani kuliko saa mbili za alasiri.

Pangeni hivi: Peter Pan, kisha Winnie the Pooh ambako kuta za foleni zina vitu vya kugusa, kisha Dumbo. Dumbo ina hema ambalo ndani yake mna uwanja wa kuchezea, na watoto hukimbia humo badala ya kusimama. Foleni ikiwa fupi sana hupitishwa pembeni bila kuuona uwanja, basi muulize mhudumu. Wako wazazi ambao husubiri foleni iwe ya wastani ndipo waingie, ili mtoto apate kucheza. Si wajinga.

Kuanzia saa 5 hadi saa 10 bustani hufurika. Saa hizo ni za chakula, usingizi, na bembea za kukaa ndani kwenye ubaridi. PeopleMover huzunguka taratibu juu kwa juu kwa dakika kama kumi, kivulini, na kwa mtoto aliyechoka kelele ni kama kitanda. Kuanzia Juni hadi Septemba mvua za radi hupiga mchana karibu kila siku. Radi ikikaribia, bembea za nje kama Dumbo husimamishwa, na umati wote hukimbilia zile za ndani kwa mkupuo. Ukiona wingu zito, ingia kwenye foleni ya ndani dakika kumi kabla ya matone ya kwanza, si baada yake.

Kulipia njia ya mkato

Kuna njia ya kulipia inayoitwa Lightning Lane. Tangu Julai 24, 2024 inauzwa hasa kwa namna mbili: Multi Pass, ambamo unachagua bembea kadhaa na kila moja inapewa muda wa saa moja wa kufika, na Single Pass ya bembea moja moja zinazopendwa sana. Bei hubadilika kulingana na siku. Mtoto wa chini ya miaka 3 halipiwi, anaingia na mzazi wake, kwa hiyo hesabu vichwa vya wakubwa tu.

Je, inafaa? Wiki ya Krismasi au likizo za shule za machipuko, ndiyo, kwa sababu hata Winnie the Pooh huvuka kiwango cha mtoto. Siku ya kawaida, mtoto wa miaka miwili hapandi zaidi ya bembea tano au sita kwa siku nzima, na tatu kati ya hizo mtakuwa mmezimaliza kabla ya saa 5. Hela hiyo ni bora ilipie hoteli ya karibu, mrudi kulala mchana.

Cha bure ambacho watu hawakiulizii ni Rider Switch. Kipo kwa ajili ya bembea zenye kipimo cha urefu. Nendeni wote, pamoja na mtoto, kwa mhudumu wa mlangoni na mtaje jina hilo. Atasajili tiketi ya anayebaki. Mmoja anapanga foleni na kupanda, mwingine anabaki na mtoto. Wa kwanza akitoka, wa pili anaingia kwa njia ya Lightning Lane bila kupanga upya. Mtoto awepo mnapojisajili. Akiwa amelala kwenye kigari anahesabika kuwa yupo, na hiyo ndiyo saa nzuri kuliko zote za kutumia utaratibu huu: mtoto yuko usingizini kivulini, baba yuko Space Mountain, mama zamu yake inakuja. Bustani za Universal nazo zina utaratibu wa namna hii uitwao Child Swap, na Disneyland Paris wanauita Baby Switch.

Mtoto mwenye usonji au hali nyingine ya ukuaji inayomfanya ashindwe kabisa kukaa kwenye foleni ana utaratibu wake, Disability Access Service. Maombi hufanywa kwa mazungumzo ya video kabla ya safari. Usingoje ufike getini.

Kabla ya kuingia kwenye foleni

Kigari hakiingii kwenye foleni nyingi. Kinaegeshwa nje, na ndipo wazazi wanapogundua kwamba begi, maji na kofia vimebaki huko. Uwe na mfuko mdogo wa kuvaa begani au kiunoni ambao hautoki mwilini, wenye vitu vya foleni tu. Begi kubwa libaki kwenye kigari, bila pasi za kusafiria wala fedha.

Kigari chenyewe kisizidi upana wa sm 79 na urefu wa sm 132 toka mbele hadi nyuma. Vile vya mtindo wa mkokoteni vilipigwa marufuku Mei 2019. Vya kukodi pale ni vya plastiki ngumu na mgongo haulali, kwa hiyo mtoto anayelala mchana anahitaji cha kwenu. Funga kipande cha kitenge chenye rangi kali kwenye mpini: vigari vyeusi vinavyofanana vitakuwa mia, chako utakiona kwa mbali. Usifunike kigari chote kwa kanga ili kuzuia jua. Hewa ya ndani hupanda joto haraka na mtoto hawezi kukuambia. Funika upande mmoja unaopigwa na jua, pande nyingine ziwe wazi.

Kanga ina kazi bora zaidi. Mtoto asiyezidi kilo 13 hivi anabebeka mgongoni kwa mbeleko dakika ishirini bila kukuumiza, mikono yako inabaki huru, naye anaona mbele badala ya kuona makalio ya watu. Watu wa foleni watatazama. Waache watazame. Mkikaribia kupanda, mfungue mapema, mkiwa bado na watu kumi mbele yenu, na umsikilize mhudumu atakavyotaka mtoto akae. Ukianza kufungua fundo mbele ya chombo kinachongoja, utamtisha mtoto na kujitisha mwenyewe. Ambaye hakuzoea kufunga mbeleko asijifunzie Florida; achukue kibebeo chenye vifungo.

Choo ni kabla ya kila foleni, hata akisema hataki. Usiulize "unataka kukojoa?" maana jibu ni hapana. Sema "twende tukakojoe, halafu tembo". Mtoto aliyeanza kuachishwa nepi wiki mbili zilizopita avae nepi siku hiyo, ile ya kuvuta kama chupi, na hakuna aibu. Shida moja ya vyoo vya kule ni kwamba hujivuta maji vyenyewe. Nyuma ya kiti kuna jicho linalohisi mtu, na mtoto ni mdogo mno kulifunika, kwa hiyo choo kinanguruma akiwa bado amekaa. Akishtuka mara moja, atagoma kuingia chooni siku nzima. Chukua kijitabu cha vikaratasi vyenye gundi, bandika kimoja juu ya jicho kabla ya kumkalisha, kibandue akishatoka na kuziba masikio.

Baby Care Center, kituo cha kuhudumia watoto wachanga, iko mwisho wa Main Street, barabara ya kuingilia bustanini, mkono wa kushoto ukielekea jumba la Cinderella, karibu na mgahawa wa Crystal Palace. Kuna vyumba vya kunyonyesha, meza za kubadilishia nepi, viti vya kulishia na pa kupashia chakula, na nepi zinauzwa zikikuishia. Pana ubaridi na ukimya, na hicho peke yake kinatosha kupaendea. Kunyonyesha, hata hivyo, sheria ya Florida inaruhusu mahali popote, foleni ikiwemo.

Mfuko wa foleni

Chakula cha kutoka nje kinaruhusiwa kuingia. Barafu ya kumwaga haikubaliwi, basi tumia vile vipakiti vya jeli ya kugandisha vilivyofungwa. Maji ya baridi ya kikombe hutolewa bure kwenye migahawa ya kuagizia kaunta inayouza soda, omba tu.

Cha kumpa kwenye foleni kiwe kinachotafunwa polepole, kisichoyeyuka, kisichomwagika. Chapati ni mfalme hapa: ikate vipande vya upana wa vidole viwili, vikaushe kidogo kwenye kikaango ili visishikane, weka vinane hadi kumi kwenye mfuko wa zipu. Mtoto hushughulika na kipande kimoja dakika mbili hadi tatu. Ndizi itapondeka begini, chokoleti itakuwa uji, na biskuti za krimu zitahamia kwenye nywele zako. Zabibu zipasuliwe kwa urefu mara nne. Bisi, karanga nzima na soseji iliyokatwa mviringo zisimkaribie aliye chini ya miaka minne, kwa sababu humkaba kooni, na bahati mbaya bisi na soseji ndivyo vinavyouzwa kila kona.

Mpe maji mafunda mawili matatu kila dakika kumi na tano kwa kikombe chenye mrija. Usimpe chupa nzima ya juisi mwanzoni mwa foleni. Unajua itaishia wapi.

Vya kuchezea, sita vinatosha:

- karatasi moja ya stika kubwa, za kubandua na kubandika kwenye mkono wa mzazi
- kikaragosi cha kuvaa kidoleni
- kitabu cha kurasa ngumu ambacho hajawahi kukiona
- kipande cha kitambaa au leso ya kufichia vitu
- utepe wa karatasi wa mafundi rangi, unaobanduka bila kuacha gundi
- gari dogo moja

Kila kimoja kipite mtihani wa bomba la karatasi ya chooni: kinachopenya ndani ya lile bomba la kadibodi ni kidogo mno kwa mtoto wa chini ya miaka 3. Mpira usichukue, utabingirika chini ya kamba na mtoto ataufuata. Mapovu ya sabuni pia hapana, yanaingia machoni mwa watu na kuleta utelezi. Gari lifungwe kwa uzi mfupi, sm 15 basi, kwenye mkono wa shati lako, maana litaangushwa mara arobaini na wewe si kijana wa kuinama mara arobaini.

Ndani ya foleni

Dakika tano za kwanza usimpe kitu chochote. Kila kitu ni kipya, macho yake yana kazi. Kosa la kawaida ni kumkabidhi simu mlangoni ili "atulie". Simu ikitolewa mwanzo, stika hazina ladha tena, na betri itakuwa imekwisha kabla hamjafika mbele, wakati tiketi na ramani zimo humo humo. Simu ni akiba ya dakika kumi za mwisho, na siku nyingine haitahitajika.

Zikiisha hizo tano, chapati. Chapati ikiisha, michezo ya mwili isiyohitaji kitu: "Pua iko wapi? Pua ya mama iko wapi? Na ya huyu tembo?" Kosea makusudi, sema sikio ni goti, uone atakavyokusahihisha kwa ukali. Kisha kitu cha kwanza kutoka mfukoni, kimoja tu, na kikirudi mfukoni kisionekane tena hadi foleni nyingine. Zamu ya kila kitu ni dakika tano hadi saba. Ukiona ameanza kukitupa, kimekwisha, usingoje akirushe kwa jirani.

Utepe wa karatasi ni wa kusimama palepale. Kata kipande cha urefu wa kiganja, kibandike kwenye suruali yako, gari lipite juu yake kama barabara. Ongeza cha pili, sasa kuna njia panda. Foleni ikisogea, barabara inasogea pamoja na wewe. Ndio uzuri wa kuijengea mwilini na si sakafuni, ambako vidole vyake vitakanyagwa.

Lugha yako nayo iangaliwe. Sisi husema "bado kidogo" na "sasa hivi" kwa chochote, kuanzia sekunde hadi kesho. Mtoto anaamini "sasa hivi" ni sasa. Ukimwambia mara tatu na tembo haji, ya nne ataisikia kama uongo, na ana haki. Mpe alama anazoziona: "tunafika kwenye ile taa, halafu ule mlango, halafu tembo." Taa ikifikiwa, itangaze. Mwache aigonge. Kwake huo ni ushindi kamili.

Minyororo na vyuma vya kugawia foleni humvuta kuliko vitu vyote ulivyobeba. Atataka kuning'inia, na ndipo meno yanapogonga chuma. Foleni ikitembea, atembee mwenyewe mbele yako, ukimshika kifundo cha mkono badala ya vidole, maana vidole huchomoka kwa jasho. Ikisimama, mbebe au chuchumaa naye. Namba yako ya simu iandikwe kwa kalamu isiyofutika kwenye mkono wake kabla ya kupaka mafuta ya jua. Ukiandika juu ya mafuta haishiki.

Kushikiana nafasi, kama tulivyozoea hospitalini kwetu kwa "mimi niko nyuma ya huyu mama", kule hakukubaliki. Kuwatanguliza bibi na babu wapange, kisha familia ya watu sita ijichomeke mbele, kunaleta ugomvi na ni kinyume cha kanuni za bustani. Mtoto akibanwa choo katikati, mmoja abaki, mwingine amweleze mhudumu wa karibu kabla ya kutoka, aulize namna ya kurudi. Ukiwa peke yako na mtoto, toka tu.

Akianza kulia

Chuchumaa macho yenu yalingane, na maneno yawe machache. Kabla ya kubembeleza, pitia kwa haraka: nepi, njaa, joto, usingizi, hofu. Gusa shingo yake kwa nyuma. Ikiwa moto na uso umewiva, hilo si suala la tabia: mtoe, kivulini, maji, leso iliyoloa shingoni na makwapani. Mtoto aliyelegea, asiyetoa jasho tena au anayetapika apelekwe First Aid iliyo jirani na Baby Care Center, mara moja.

Kilio cha kuchoshwa kinaweza kuvumiliwa ikiwa mbele yenu zimebaki dakika kama kumi. Hapa ndipo simu inatoka. Kilio cha usingizi hakitibiki kwenye foleni, kila dakika kinazidi. Kilio cha hofu ni tofauti na vyote. Foleni kadhaa huishia kwenye giza, na Haunted Mansion humfungia mtu kwenye chumba kinachoonekana kurefuka, taa zikazimika. Mtoto akikukumbatia shingo na kuficha uso, amekwisha kujibu. Mwambie mhudumu unataka kutoka, kila bembea ina mlango wa pembeni. Usipenye chini ya minyororo ukirudi nyuma dhidi ya watu. Ukimlazimisha apande, utaipata picha, lakini foleni nne zinazofuata atazigomea mlangoni.

Foleni za kupiga picha na wahusika zina mtego wake. Mtoto anayempenda Mickey kwenye runinga hajawahi kumwona akiwa na kichwa kikubwa kuliko begi la safari. Unaweza kusubiri dakika 40 kwa picha ya mtoto anayepanda ukutani. Kwanza mwonyeshe kwa mbali, kwenye maandamano ya mchana, umtazame anavyofanya. Akipunga mkono, panga. Akirudi nyuma ya mguu wako, achana nayo.

Kwingineko

Legoland, ikiwemo ile ya Dubai iliyofunguliwa 2016, huweka kwenye baadhi ya foleni sehemu ya kuchezea matofali ya plastiki ya Lego, kwa hiyo mfuko wako unaweza kuwa mwepesi. Wanaoishi Ghuba na wanaogopa joto la Julai wana Warner Bros. World ya Abu Dhabi, ambayo yote iko ndani ya jengo. Disneyland Paris shida ni kinyume: kuanzia Novemba hadi Machi mtoto anasimama kwenye baridi na manyunyu, na glavu zinazovuliwa kila mara ili ashike stika zitapotea moja moja. Zishone kwenye uzi unaopita ndani ya mikono ya koti.

Mkitoka kwenye bembea, kigari huenda hakipo pale ulipokiacha. Wahudumu huvisogeza siku nzima ili kupanga nafasi, na baada ya mvua husogeza vingi kwa pamoja. Piga picha ya eneo ulipokiegesha, bandiko la jina likionekana, na ukirudi tafuta kwanza safu mbili za jirani kila upande. Kisha ndipo umwendee mhudumu, ukiwa na picha mkononi na mtoto mgongoni.